Mke Mkubwa wa Saa Sita

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Ilikuwa sauti ya mchanga juu ya bati. Mtu alikuwa anasugua sufuria nje, kwenye bomba la lupango, ua wa wapangaji wote, polepole, kama mtu ambaye hana haraka ya kulala. Adolphine alifungua macho. Simu ilionyesha saa nane kasorobo ya usiku. Louis, mtoto wake wa miezi tisa, alikuwa amelala kifuani pake. Upande wa ukuta Kabemba, bwana yake, alikuwa anapumua vizuri, na alikuwa anatabasamu. Hilo la kutabasamu ndilo lililomuuma kwanza. Sufuria alikuja kuifikiria baadaye.

Alivuta pazia. Kwenye bomba hapakuwa na mtu. Mbwa wa jirani tu, amesimama, mkia katikati ya miguu, anaangalia pale pale.

Asubuhi sufuria yake ya bukari, ya ugali, ile aliyokuwa ameiacha na ukoko, ilikuwa imeinamishwa juu ya tofali, inang'aa mpaka chini kwenye masizi, mahali ambapo yeye hajawahi kusugua tangu aolewe. Akamuuliza Jessica, mpangaji wa chumba cha nyuma.

"Mi? Sufuria yako?" Jessica akacheka. "Dada yaya, hata yangu naachaka mpaka Jumapili, siku ya Mungu!"

Mwingine angeshukuru, angeendelea na kazi zake. Adolphine hakushukuru. Mwanamke anayekuja kuosha vyombo vya mwanamke mwenzake bila kuombwa anataka kumwambia kitu, na hicho kitu si kizuri. Na zaidi ya hapo, hii haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya kwanza kwa sufuria. Kwa gameli ilikuwa tayari wiki ya tatu.

Gameli ni lile bakuli la bati lenye kifuniko ambalo kila asubuhi Adolphine alikuwa anamfungia Kabemba chakula cha kazini: bukari, sombe ya majani ya muhogo, siku nyingine bitoyo, samaki wa chumvi, na nyanya. Kabemba alikuwa karani wa mazingira katika kampuni moja ya madini, hapa hapa Kolwezi. Tangu daktari wa kazi amwambie sukari yake inaanza kupanda, alikuwa anatembea kila siku saa ya mapumziko, saa sita mpaka saa saba, ndani ya rezerve. Hiyo rezerve ni kipande cha pori ambacho kampuni ilikiacha katikati ya mji, kati ya maofisi na barabara ya malori: miti ya zamani, kidimbwi, njia ya kokoto, mabenchi, vibao vyenye majina ya miti. Anatembea, anakula kwenye benchi, anarudi kazini. Ni hivyo tu, alisema.

Lakini gameli ilikuwa inarudi imeoshwa.

"Nani anakuoshaka gameli?" Adolphine alimuuliza jioni ile.

"Mi mwenyewe."

"Weye? Weye Kabemba? Hujui hata sabuni inakalaka wapi mu hii nyumba!"

"Mama Louis, acha maneno."

"Lete mikono ninuse."

Aliinusa. Hapakuwa na harufu ya sabuni. Palikuwa na harufu ya mawese na chini yake harufu ya udongo uliotoka kufukuliwa, ule wa shimo refu, wenye baridi. Akamwekea bukari mezani. Kabemba alimega matonge mawili, akasukuma sahani. Alikuwa ameshiba, alisema. Mume ameshiba saa kumi na mbili jioni, ametoka kazini, hajala kitu tangu mchana! Adolphine alichukua ile sahani akaenda kuilia jikoni peke yake, amesimama, na kila tonge lilikuwa linashuka kama jiwe.

Siku iliyofuata, ilikuwa Jumatano, alimfunga Louis mgongoni na akapanda pikipiki mpaka mlango wa rezerve. Alikuwa ameshajipangia maneno yote ambayo angemwambia huyo ndumba, huyo malaya. Alikuwa hata amevua hereni, ili asivutwe masikio kama ngumi zingeanza.

Mlinzi wa mlango alikuwa tata Mpoyi, mzee wa asili ya Kasai mwenye koti kubwa kuliko yeye.

"Karibu mama. Unatafuta nani?"

"Kabemba. Mi ni bibi yake."

Mpoyi alimwangalia, akaangalia mtoto, akaangalia njia ya kokoto.

"Bibi yake? Lakini... Aa, basi. Pita."

"Lakini nini, tata? Maliza."

"Mama, mi nafungulaka tu mulango. Anaingiaka peke yake. Anatokaka peke yake. Lakini katikati kule anaongeaka sana, anachekaka. Mi nilifikiri ni telefone."

Adolphine aliingia. Mwanzoni pori lilikuwa pori: nyenje wanalia, majani yanaanguka, malori ya madini yananguruma kule barabarani. Jua lilikuwa limesimama juu ya utosi na kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimejikunja chini ya miguu. Alipita benchi la kwanza, la pili. Alipofika kwenye kidimbwi nyenje wakanyamaza wote kwa mara moja, malori nayo hakuyasikia tena, na katika kimya kile alisikia kicheko cha bwana yake, kile cha zamani, cha wakati wa kumchumbia, ambacho tangu Louis azaliwe kilikuwa hakijaingia nyumbani hata siku moja, na kufuata kile kicheko akasikia sauti ya mwanamke inasema polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "Kula tena. Kula, bwana yangu. Umekonda."

Alisogea nyuma ya mti. Kabemba alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho. Pembeni yake mwanamke, anaonekana kwa mgongo tu: kitambala cheupe kichwani, na kikwembe cha maua ya njano ambacho Adolphine alikitambua kwa sababu bibi yake mzaa mama alikuwa nacho kwenye sanduku, cha zile nguo ambazo haziuzwi tena soko lolote. Mwanamke alikuwa anamega tonge, analichovya, anamtia Kabemba mdomoni. Mdomoni! Kama bibi arusi!

Basi woga wote ukamtoka, ikabaki hasira.

"We mwanamuke!" alipiga kelele, akatoka mbio. "We ndumba! Geuka nikuone sura!"

Kabemba aliruka akasimama. Benchi lilikuwa tupu. Hapakuwa na kichaka cha kukimbilia, hapakuwa na jani lililotikisika. Palikuwa na gameli, imeoshwa, imefunikwa, na kwenye mbao za benchi, pembeni ya mahali pa Kabemba, umbo la maji la mtu aliyekaa.

"Eko wapi?"

"Nani?" Macho ya Kabemba yalikuwa ya mtu anayeamshwa.

"Usiniulize nani! Nimemuona! Anakulisha kama..."

Hapo Louis mgongoni alianza kucheka. Alikuwa anacheka vile watoto wanavyocheka wakichezewa, anarusha miguu, na Adolphine akahisi uzito wake unapungua mgongoni, unapungua kama mtu amemshika makwapani kwa nyuma na anamnyanyua taratibu, na kitambaa cha kumbebea kikaanza kulegea kwenye fundo, na baridi ya udongo ikamshika shingoni pamoja na harufu ya mawese, na ile sauti ya kubembeleza ikasema kwenye sikio lake la kushoto, karibu kabisa, bila pumzi:

"Kumbe njo weye bibi mudogo."

Hajui alivyofika mlangoni. Mpoyi alisimulia baadaye kwamba alipita mbio amekumbatia mtoto kwa mbele, miguu mitupu, na Kabemba nyuma yake amebeba viatu.

Kabemba alisema ukweli jioni, amekaa chini kwenye mkeka, hana hata nguvu ya kuwasha taa.

Kabla hajamwoa Adolphine, alianza, miaka mitatu nyuma, rezerve ilikuwa inatengenezwa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu makaburi yaliyokuwa mle. Kila kaburi lilitafutiwa watu wake, watu wakaja, wakatia sahihi, wakahamisha mifupa yao. Likabaki moja, katikati ya njia. Msalaba wa chuma, jina Mbombo, mwaka 1993. Walitangaza redioni mara tatu. Hakuja mtu. Wazee walisema tu kwamba mwaka ule, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa huku warudi kwao na walikuwa wanalala kwenye stesheni wakingoja treni, mwanamke mmoja aliugua, na treni ilipofika bwana yake alipanda akamwacha pale chini kwenye mkeka.

"Chefu wangu, Stany, akaniambia: andika kitu chochote, tufunge dosye, ile faili," Kabemba alisema. "Bila sahihi ya jamaa hawachimbi. Kwenye karatasi kulikuwa mistari minne tu: baba, mama, mutoto, bwana. Baba, hapana, mi ni mudogo kwake. Mutoto... nikiandika mutoto, ni kusema mama yangu amekufa. Na mama yangu eko muzima kule Sandoa! Niliogopa kumuletea mama kifo. Basi nikaandika bwana. Sikuwa na bibi. Nikaona hii haitaumiza mutu."

"Ukaandika wewe ni bwana yake."

"Nikatia sahihi. Na mahali pa kumuzika tena nikachagua mi mwenyewe, karibu na kidimbwi. Benchi waliiweka pale baadaye."

"Na ukamusahau."

"Nilimusahau. Mpaka daktari aliniambia nitembee."

Ungefikiri Adolphine anaogopa, na kweli alikuwa anaogopa. Lakini kilichokuwa kinamzunguka kichwani ni hesabu nyingine kabisa: miaka mitatu iliyopita, na yeye ameolewa miaka miwili. Yule ametangulia. Yule amekufa, ameoza, na bado ametangulia.

"Ni muzuri?" aliuliza.

"Mama Louis..."

"Nakuuliza. Ni muzuri?"

Kabemba aliinamisha kichwa, na hakusema hapana.

Kesho yake Adolphine alikwenda kwa Mama Josée, barabara ya tatu. Mama Josée alikuwa anaimba kwaya ya kanisa, anauza makala, makaa ya kupikia, na watu wachache walijua kwamba kabla ya kwaya alijifunza kwa shangazi yake namna ya kutenganisha watu na wafu wao. Alisikiliza yote huku anapanga makala kwenye mafungu.

"Huyu haiko shetani," alisema. "Ni bibi ya mutu. Dawa ya bibi aliyekufa ni nini? Ni kilio. Bwana yake hakumulilia, akapanda treni. Huyu mupya ameandika jina lakini naye hakumulilia. Amulilie, anyolewe, aoshwe, aitwe mujane. Mutu akishakuwa mujane, mufu anaendaka."

"Basi tufanye lelo!"

"Pole pole. Kuko kazi yako na weye." Mama Josée aliweka kipande cha makala chini. "Weye ni mudogo wake. Utalia vile mudogo analilia mukubwa. Machozi ya kweli, Adolphine. Mufu anaonjaka machozi. Akikuta ni ya bongo, ya uongo, bwana atamuachilia, eyo, lakini atamufuata ule aliyemudanganya."

"Nitalia, mama."

"Uko na roho ya kumulilia?"

"Niko nayo."

Hakuwa nayo. Alijua hivyo wakati ule ule anasema. Kila usiku mpaka Jumapili alijaribu kumhurumia yule mwanamke, alimfikiria kwenye mkeka, kwenye vumbi la stesheni, anaangalia mgongo wa bwana yake unapanda treni, na kila mara huruma ilipokaribia alimwona anamtia Kabemba tonge mdomoni. Jumapili asubuhi, kabla ya kutoka, alikata pilipili mbili kwa vidole vyake, hakunawa.

Waliingia rezerve saa sita, siku ya Mungu, ofisi zimefungwa. Mpoyi alifungua mlango, akavua kofia. Kaburi lilikuwa nyuma ya benchi, chini ya mti wenye kibao. Mama Josée alimkalisha Kabemba chini, akamnyoa kichwa kwa wembe, akampaka udongo mweupe usoni.

"Mwite."

"Mbombo," alisema Kabemba.

Nyenje wakanyamaza.

"Mwite tena. Muambie."

"Mbombo. Mi ni bwana yako. Nilikuandika, sikukulilia. Nakulilia leo." Na akalia. Adolphine alifikiri atalia kidogo, kilio cha wanaume, cha kufunika uso. Kabemba alianguka kifudifudi juu ya lile kaburi, akashika udongo kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kubwa ya mtu anayekatwa mguu, anamwita Mbombo wangu, Mbombo wangu, nani atanichekesha sasa, nani ataniuliza nimelalaje, hata mama Louis haniulizi, na Adolphine amesimama pale na mtoto mgongoni anakumbuka kwamba siku aliyomzaa Louis kwa kisu, siku ile yeye mwenyewe alikuwa karibu kufa, huyu mwanaume alikaa kwenye korido ya hospitali na macho makavu.

"Weye sasa," Mama Josée alinong'ona. "Adolphine. Haraka."

Alipiga magoti. Alijipangusa macho kwa vidole. Moto ukaingia, machozi yakamwagika, yakadondoka kwenye udongo, ta, ta, ta. "Yoo, mukubwa wangu," alilia, "yoo, umetuacha na nani," na sauti ilikuwa nzuri, hata Mpoyi kule mlangoni alijifuta pua. Udongo ulinywa machozi yale mara moja. Halafu upepo mmoja ulipita kwenye miti yote, mkubwa, wa baridi, ukaenda zake upande wa reli. Nyenje wakaanza tena.

"Ameenda," alisema Mama Josée. Alimmwagia Kabemba maji ya majani, akawakataza kugeuka nyuma. Lakini alipokuwa anaosha wembe alimwangalia Adolphine macho, yale macho mekundu yaliyovimba, akamwangalia sana.

Na kweli Kabemba alipona. Alirudi na njaa. Alikula, aligombana, alilalamika sombe ina chumvi, na usiku alikoroma bila kutabasamu. Alikuwa wake. Adolphine alimwangalia anavyokula na moyo ukawa unajaa kama mtungi.

Siku ya tisa, mchana, alikuwa amekaa kwenye mkeka uani. Louis alikuwa amelala. Jessica alikuwa ametoka. Jua lilikuwa juu ya utosi. Alikuwa ameanza kufumua nywele, amefika katikati, mikono imechoka, anaishusha kidogo ipumzike.

Mikono mingine ikaendelea.

Alihisi magoti mawili yanamshika mabegani kwa nyuma, vile mwanamke anavyokaa kumsuka mwenzake, magoti ya baridi yanayolowesha nguo, na vidole vyembamba vinaingia nywelani, vinatenga mstari, vinavuta, vinasuka, vizuri, kwa ustadi, bila kumuumiza hata kidogo, na alitaka kuinuka akamchukue mtoto lakini nywele zake zilikuwa zimeshikwa, na mbele yake kwenye sementi kulikuwa na kivuli kimoja tu, cha kwake, kimejikunja.

"Machozi yako yalikuwa na pilipili," sauti ilisema.

"Nihurumie," Adolphine alinong'ona. "Mukubwa, nihurumie. Usinichukulie mutoto."

"Mutoto wako nifanyie nini? Na bwana nimekuachia. Amenililia, nimeshiba." Vidole vilitenga mstari mwingine. "Mi nimekuja kwako. Miaka makumi tatu, hakuna mutu aliyenionea wivu. Batu banapita tu. Weye ulinionea wivu kweli. Nikasema huyu njo ndugu yangu."

Adolphine alikuwa analia, na safari hii bila pilipili. Sauti ilimwacha alie. Halafu ikashuka, ikawa ya jikoni, ya wanawake wawili.

"Unamujua Odile?"

"Odile gani?"

"Ule musichana mupya wa biro, wa ofisi yake. Ameanza hii wiki. Anavaa suruali. Bwana yetu anamuonyesha miti. Anamusomea majina kwenye bibao, moja moja."

Adolphine aliacha kulia. Pengine huyo Odile alikuwa ameuliza tu jina la mti, ni kazi yao, mazingira. Pengine ana bwana yake, ana watoto. Hayo aliyafikiria, yalipita haraka.

"Banatembea karibu karibu?" aliuliza.

"Sasa hivi banafika ku kidimbwi."

"Kabemba anacheka?"

"Anacheka."

Vidole vilifika mwisho wa msuko, vikafunga. Magoti yakambana mabegani kidogo, kama kumkumbatia.

"Ile maji iko murefu sana kwenda chini pale ku majani," sauti ilisema. "Kesho Odile atakuja peke yake kuangalia kibao. Mi nitakuwa pale. Weye hautafanya kitu. Weye utafunga mudomo. Mama Josée ulimuambia mambo yangu, sawa, nimesamehe. Hii nayo utamuambia mutu?"

Ndani ya nyumba Louis aliguna usingizini. Jua lilikuwa bado limesimama. Adolphine alipeleka mkono nyuma, polepole, akagusa ile misuko iliyosukwa, imenyooka, imekaza, mizuri kuliko yoyote aliyowahi kusukwa.

"Sitamuambia mutu mwingine," alisema.